Dawa ya usingizi na uvimbe wa ngozi kwa panya: kabla ya kusambaza, uliza dawa iliingia lini

#1 Mlinzi wa Vizimba (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna ujumbe unazunguka, nimeshaupokea kutoka kwa watu watatu: "dawa za usingizi zinaotesha uvimbe kwenye ngozi, panya wamethibitisha." Jana mtu wa nne akaniletea wa kwake unaosema kinyume, kwamba panya waliopewa dawa ya kutuliza waliota uvimbe mchache, kwa hiyo wenye saratani wapewe. Wote wanne wananiuliza nani mkweli. Jumbe zote mbili zinaweza kuwa zimetoka kwenye majaribio ya kweli kabisa, na bado zote mbili zikampotosha anayezisoma. Ndiyo maana nimefungua uzi.

Nimetunza panya wa maabara miaka kumi na moja, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ni majaribio ya ngozi. Mimi si daktari. Ninachokijua ni yale yanayotokea kizimbani na mezani, na nataka niwaonyeshe hayo kwanza, kwa sababu bila kuyaona huwezi kujua kichwa cha habari kinasema nini.

Unamchukua panya mdogo wa wiki saba au nane, unamnyoa mgongo. Unangoja siku mbili. Ukikuta nywele zinarudi kwa kasi, panya huyo unamweka pembeni, maana ngozi iliyo kwenye msimu wa kuotesha nywele haijibu sawa na ngozi iliyopumzika. Halafu unamdondoshea kemikali iitwayo DMBA iliyoyeyushwa kwenye asetoni. Mara moja tu. Ni tone la pipeti, asetoni inakauka ukiwa bado umemshika shingoni, na ukigusa ngozi unasikia ubaridi. Hakuna kinachoonekana. Dozi ikiwa ndogo na ukaishia hapo, panya yule anaweza kuzeeka bila kinundu hata kimoja.

Wiki moja au mbili baadaye unaanza kupaka kitu cha pili, mara mbili kwa wiki, wiki baada ya wiki. Zamani yalikuwa mafuta ya krotoni, yanayokamuliwa kwenye mbegu za mmea Croton tiglium. Siku hizi ni TPA, kiini chenyewe kilichotengwa kutoka kwenye mafuta hayo. Ukimpaka panya ambaye hakuguswa na DMBA, ngozi inawasha, inavimba, inanenepa, kisha ukiacha inatulia. Ukimpaka yule aliyeguswa, kuanzia kama wiki ya sita hadi ya kumi unapitisha kidole mgongoni unakutana na kitu kama chembe ya mchanga. Wiki chache mbele kimekuwa kinyama chenye shina, kichwa chake kimepasukapasuka kama sugu kavu. Tunavihesabu vikifika milimita moja na vikiwa vimekaa wiki nzima bila kupotea. Vingi havina madhara makubwa, na vingine vinanyauka vyenyewe ukiacha kupaka. Vichache, baada ya miezi, vinapoteza shina, vinatanuka, vinazama ndani. Hivyo ndivyo saratani yenyewe.

Hatua hizo mbili zilipewa majina mwaka 1944 na Friedewald na Rous: uanzishaji na uchocheaji. Berenblum na Mottram nao walikuwa wakilifukuzia jambo hilo hilo miaka ile ile. Mimi wageni wakija nawaambia ni kupanda na kumwagilia. Mbegu ikishaingia inakaa. Hata ukichelewesha kumwagilia kwa miezi, inaota. Lakini ukimwagilia kwanza, ukaja kupanda baadaye na usimwagilie tena, hupati kitu.

Sasa ingiza dawa ya usingizi kwenye picha hiyo. Iliingia kama mbegu, kama maji, au ilibadilisha hali ya shamba zima? Hayo ni maswali matatu yenye majibu matatu, na kichwa cha habari kinakupa moja tu bila kukwambia ni lipi.

Naandika muendelezo, kuna dawa moja nataka kuieleza kwa kirefu.

#2 Mama wa Wawili

Naweka kambi hapa. Huo ujumbe wa kwanza nimeupata na mimi, na nyumbani kuna mtu anameza hivyo vidonge.

#3 Mlinzi wa Vizimba

Dada yangu Mama wa Wawili, karibu. Soma hii kwanza halafu uliza chochote.

Dawa yenyewe inaitwa yurethani, kwa jina refu ethili kabameti. Usiichanganye na ile plastiki ya kwenye magodoro na rangi za mbao, majina tu yamefanana. Yurethani iliingia hospitalini miaka ya 1880 kama dawa ya kumpa mgonjwa usingizi. Ilisifiwa kuwa pole, kwamba haishushi pumzi wala mapigo ya moyo kama nyingine za wakati ule. Kwa sababu hiyo hiyo maabara zikaipenda. Ukimchoma panya karibu gramu moja kwa kila kilo ya uzito wake, yaani miligramu ishirini na tano hivi kwa panya wa kawaida, analala saa nyingi, moyo unapiga vizuri, unafanya kazi yako kwa utulivu.

Mwaka 1943 Nettleship na Henshaw wakachapisha jambo ambalo hakuna aliyekuwa analitafuta kwenye dawa ya usingizi: panya waliopewa yurethani walikuwa wanaota uvimbe kwenye mapafu. Yaani kitu kilichokuwa pale kumlaza mnyama tu ndicho kilichokuwa kinafanya kazi.

Kwenye ngozi hadithi ilikuwa na fundo. Yurethani ukiipaka peke yake haifanyi jambo la maana. Mtu angeweza kuandika "salama kwa ngozi" na kufunga daftari. Mwaka 1953 Salaman na Roe wakafanya hivi: wakaipaka kwanza, kisha wakafuatisha mafuta ya krotoni. Vinyama vikaota. Dawa ya usingizi ilikuwa imepanda mbegu na hakuna aliyeiona, kwa sababu hakuna aliyemwagilia.

Halafu ikaja ile inayonisisimua hadi leo. Haran na Berenblum, mwaka 1956, hawakuipaka kabisa. Waliwapa panya yurethani kwa mdomo. Mgongo haukuguswa na kitu. Baadaye wakapaka mafuta ya krotoni mgongoni, na vinyama vikaota pale pale. Dawa ilipita tumboni, ikaingia kwenye damu, ikafika kwenye ngozi, ikaacha alama na kuondoka. Mwaka uliofuata Berenblum na Haran-Ghera wakarudia kwa vipimo ili kuona namna dozi inavyokwenda na idadi ya vinyama.

Alama yenyewe tunaijua siku hizi. Yurethani nyingi ikiingia mwilini inavunjwa na kuishia kuwa ethanoli, amonia na hewa ya ukaa, zaidi ya asilimia 90 inaondoka kwa njia hiyo. Lakini sehemu ndogo sana inashikwa na kimeng'enya kiitwacho CYP2E1, kinaigeuza kuwa vinili kabameti, halafu epoksidi, na hiyo ndiyo inayong'ang'ania kwenye DNA. Kwenye vinyama vya ngozi vilivyoanzishwa na yurethani wamekuta jeni ya Hras imebadilika kwenye kodoni ya 61. Herufi moja. Ni jeni ile ile na mahali pale pale ambapo DMBA hupiga.

Kwa hiyo usingizi hauhusiki hapa. Panya hakupata uvimbe kwa sababu alilala. Alipata kwa sababu molekuli iliyomlaza ina tabia ya pili.

#4 Mama wa Wawili

Nimesoma mara mbili. Asante kaka, umeandika nikaelewa.

Swali langu ni moja. Mama yangu ana miaka 71, ameandikiwa diazepamu kwa muda sasa. Huo ujumbe ulipofika kwenye kundi la familia, mdogo wangu akavichukua vidonge akavificha. Leo ni siku ya pili mama halali, mikono inatetemeka. Tuvitupe au?

#5 Zamu ya Usiku

Mama wa Wawili, mimi ni muuguzi. Naomba usome hili sasa hivi kabla ya mengine yote.

Msivitupe. Mrudishieni mama dawa yake na mpigieni daktari aliyemwandikia leo, msingoje kesho. Mtu aliyetumia diazepamu kwa muda mrefu akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege. Kutetemeka mikono na kukosa usingizi ni dalili ya kwanza ya mwili kunyang'anywa. Akichanganyikiwa, akitokwa jasho jingi, akiona vitu visivyopo au akikakamaa, mpelekeni hospitali moja kwa moja. Kama anatakiwa kuiacha, na kwa umri wake ni swali halali kwa sababu inaongeza hatari ya kuanguka, daktari atampunguzia kidogo kidogo kwa wiki nyingi.

Na diazepamu si yurethani. Ni familia tofauti kabisa ya kemikali. Yurethani haiandikiwi mtu kama dawa ya usingizi.

Nimeshika mkono wa mgonjwa aliyefika kwetu katika hali hiyo kwa sababu jirani alimwonyesha kitu kwenye simu. Alipona. Lakini siku tatu zile sitaki mtu mwingine azipitie.

#6 Mama wa Wawili

Nampigia sasa hivi.

#7 Kalamu Nyekundu

Mwanzisha uzi umeshusha nondo, lakini nina mambo mawili ya kukusahihisha, maana watu watanukuu.

La kwanza, mfano wa kupanda na kumwagilia unafaa kwa dozi ndogo. DMBA ukiipaka mara nyingi au kwa dozi kubwa inaotesha saratani yenyewe bila msaada wa kitu. Na yurethani unaiita mbegu isiyo na maji, sawa kwa ngozi, lakini kwenye mapafu ya panya wale wale haikuhitaji mafuta ya krotoni wala nini. Ni dawa moja, mnyama mmoja, viungo viwili, tabia mbili. Mtu asitoke hapa akidhani "kianzishi" ni cheo cha kudumu cha kemikali.

La pili, na hili ndilo kubwa kwangu kwa sababu kazi yangu ni hesabu: umeeleza ujumbe wa kwanza, wa pili hujaugusa. Ule wa "dawa ya kutuliza ilipunguza uvimbe". Huo ndio wa hatari zaidi, kwa sababu unampa mgonjwa tumaini.

#8 Mlinzi wa Vizimba

Kalamu Nyekundu, la kwanza nalikubali lote, asante. La pili nilikuwa naliendea.

Panya aliyetulizwa kila siku si panya yule yule aliyepunguziwa mawazo tu. Nimewatazama. Asubuhi ukifungua kizimba, wasiopewa dawa wanakuja juu, pua zinacheza, wananusa glavu. Waliopewa wamelala kwenye kona wamepandana, manyoya hayajachanwa, sahani ya chakula imepungua kidogo tu. Ukiwapima mwisho wa wiki wamepungua gramu mbili, tatu. Kwa mnyama wa gramu 25 hiyo si ndogo.

Na hapo ndipo penye jibu. Tangu miaka ya 1940, Tannenbaum alionyesha kwamba panya akipunguziwa chakula, uvimbe wa ngozi unapungua na kuchelewa. Chakula peke yake, bila dawa. Kwa hiyo dawa yoyote inayomlaza panya hadi asile itaonekana kama kinga ya saratani. Ukitaka kujua kama ni dawa au ni njaa, lazima uwe na kundi la tatu linalopewa chakula kile kile kidogo walichokula wenzao, bila dawa. Kila siku unapima waliolala wamekula kiasi gani, unawapa wenzao kiasi hicho kesho yake. Ni kazi ya kuchosha na wengi wanairuka.

Tena hata njaa yenyewe ina siri ndani yake. Panya mwenye njaa tezi zake za adrenali zinatoa kotikosteroni zaidi, na homoni za kundi hilo zinazima kazi ya TPA kwenye ngozi vibaya sana. Deksamethasoni, dawa ya kundi hilo hilo, ukiipaka pamoja na TPA, vinyama vinakataa kuota. Kuna jaribio la mwaka 1992 ambapo panya waliopunguziwa chakula walitolewa tezi za adrenali, na ile kinga ya njaa ikaondoka. Sasa fikiria dawa ya kutuliza: ipo itakayoshusha kotikosteroni, ipo itakayoipandisha, na ile ile inaweza kupandisha siku za kwanza na kushusha panya akishaizoea. Majibu ya mgongoni yatafuata homoni, na wewe utaandika kwamba ni "utulivu".

Joto nalo. Panya aliyelazwa hushuka joto la mwili haraka, ni mdogo mno kulihifadhi. Usipomwekea kitu cha kumpasha joto, ngozi yake wakati wa kupaka si ngozi ya kawaida.

Na kulambana. Panya hulambana migongo. Ukimpaka TPA aliye macho, yeye na wenzake wataondoa kiasi fulani kwa ulimi. Aliyelala halambi. Kwa hiyo waliopewa dawa wanaweza kubaki na kipimo kikubwa zaidi mgongoni kuliko wenzao, na hapo matokeo yanaelekea upande wa pili kabisa.

#9 Kalamu Nyekundu

Hilo la kulambana sikulijua. Ongeza na vita.

#10 Mlinzi wa Vizimba

Vita nina kidonda nacho.

Miaka ya nyuma, maabara niliyokuwa nafanya kazi waliniletea madume, wanne wanne kila kizimba, nusu wapewe dawa ya kutuliza kwenye maji ya kunywa, nusu maji matupu. Nilisema madume yakishakua yatapigana, nikajibiwa kwamba vizimba vya kumtenga kila mmoja hakuna. Kufika wiki ya tisa upande wa maji matupu migongo ilikuwa imechanika. Upande wa dawa, safi. Na kidonda kwenye ngozi iliyokwisha kupandwa ni uchocheaji tosha, jeraha linapopona seli zinagawanyika kwa kasi na mbegu iliyolala inaamka. Tukahesabu vinyama: maji matupu vingi, dawa vichache. Kwenye jedwali ilipendeza. Mimi nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba vingi vimepangana juu ya makovu ya meno.

Nilikuwa nimeandika kila jeraha kwenye daftari la kizimba, tarehe na mahali. Daftari hilo ndilo lililosimamisha ile ripoti, lakini panya wale hawakurudi. Mia na ishirini. Waliumia kwa miezi minne bila kutufundisha kitu tulichokusudia, na hilo bado linaniuma.

Tangu hapo majaribio ya ngozi nikipewa nafasi ya kusema, nasema majike.

#11 Mzee wa Hoja

Ndugu zangu mimi naona tunazunguka. Panya si mtu. Wanapewa dozi za kuua tembo, wanapakwa mafuta ya sumu, halafu tunaambiwa tuogope. Majaribio haya yote yana faida gani kama kila tokeo lina "lakini" kumi?

#12 Bibi Darubini

Mzee wa Hoja, shikamoo. Swali lako ni la haki na naomba nilijibu kwa upole, mimi ni mtu wa kusoma vipande vya nyama kwenye darubini.

Kuna dawa mbili za kutuliza ambazo panya walituambia vitu viwili tofauti kabisa, na zote mbili historia imeshahukumu.

Ya kwanza ni thalidomaidi. Iliuzwa Ujerumani Magharibi kuanzia 1957 kama dawa ya usingizi iliyo salama kupita zote. Panya walimeza dozi kubwa mno na hawakufa, na hilo likawa tangazo. Ikaondolewa sokoni huko mwezi Novemba 1961, baada ya watoto kuzaliwa bila mikono au miguu, zaidi ya elfu kumi duniani. Marekani ilinusurika kwa sehemu kubwa kwa sababu Frances Kelsey wa FDA, mamlaka ya dawa ya huko, alikataa kuipitisha hadi aletewe ushahidi wa kutosha. Mwaka 2010 watafiti wa Japani wakaonyesha kwamba dawa hiyo inashika protini iitwayo sereblonu. Ya panya ina tofauti ndogo na ya binadamu mahali dawa inaposhika, asidi amino moja, na dawa haifanyi nayo kazi ile ile. Hapo panya alitunyima onyo.

Na angalia inavyogeuka: dawa hiyo hiyo mwaka 1994 ilionekana inazuia mishipa mipya ya damu kuota, jambo ambalo uvimbe unalihitaji ili ukue. Leo inatibu mailoma, saratani ya uboho wa mifupa, na tangu 1998 imeruhusiwa Marekani kwa vidonda vya ukoma. Sasa mtu akikuletea kichwa cha habari "dawa ya usingizi yapunguza uvimbe", inawezekana anaisema hii, na sababu haina uhusiano wowote na usingizi.

Ya pili ni hiyo yurethani ya mwanzisha uzi. Hapo panya alisema mapema na hatukumsikiliza vizuri. Baada ya 1943 kutuonyesha uvimbe wa mapafu, watu waliona pia kwamba yurethani inashusha chembe nyeupe za damu, na kuanzia 1946 ikatumika kutibu lukemia na baadaye mailoma. Molekuli ile ile, kwenye chumba kimoja inaotesha, kwenye chumba cha pili inatibu. Mwaka 1966 jaribio la wagonjwa wa mailoma likalinganisha yurethani na sharubati tupu isiyo na dawa. Waliopewa sharubati tupu waliishi muda mrefu zaidi. Nchini Japani, kati ya 1950 na 1975, ilitumika kuyeyushia dawa fulani za sindano za maumivu, wagonjwa wakichomwa bila kujua kwamba kimiminika kilichobeba dawa kina jambo lake. Mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) likaiweka kundi la 2A, yaani yamkini inasababisha saratani kwa binadamu. Hata sasa inafuatiliwa kwa sababu kiasi kidogo hujitengeneza chenyewe kwenye vileo vilivyochachuka. Kanada iliweka viwango vya juu kabisa tangu 1985.

Kwa hiyo Mzee wangu, ni kweli panya si mtu. Lakini DNA yao na yetu imeandikwa kwa herufi zile zile, na kimeng'enya cha CYP2E1 tunacho sote. Ndiyo maana kwa yurethani onyo lilibeba uzito, na kwa thalidomaidi halikutokea. Lazima ujue dawa inapita mlango gani kabla hujaamua kumwamini panya.

#13 Mzee wa Hoja

Marahaba Bibi. Hili la sharubati tupu limenikalisha chini.

#14 Zamu ya Usiku

Niongeze fenobabitali, kwa sababu kuna watoto na watu wazima wenye kifafa wanaoitegemea na wataletewa ujumbe wa aina hii. Kwa panya na panya buku inachochea uvimbe wa ini, ukishatanguliza kianzishi. Inafanya hivyo kwa kuamsha kipokezi kiitwacho CAR ndani ya seli za ini na kuzifanya zigawanyike. IARC imeiweka kundi la 2B. Lakini watu waliomeza kwa miaka mingi wamefuatiliwa, na haijaonekana wazi kwamba dawa yenyewe inawaletea saratani ya ini. Kifafa kisichotibiwa kinaua. Msiache dawa.

#15 Mwaka wa Tatu

Wakuu shikamooni. Mimi ni mwanafunzi na nimepangiwa mradi unaofanana sana na huu, dawa ya kutuliza pamoja na DMBA na TPA. Msimamizi wangu anataka makundi mawili: dawa, na bila dawa. Nimesoma uzi huu nimeishiwa nguvu. Nifanyeje bila kumkosea adabu?

#16 Mlinzi wa Vizimba

Mdogo wangu, marahaba, na usiishiwe nguvu. Hujachelewa, panya bado hawajanyolewa.

Mpelekee swali, usimpelekee lawama. Mwambie: "Naomba tuamue tunajaribu hatua ipi." Kama dawa inashukiwa kuwa kianzishi, inachukua nafasi ya DMBA: wanapewa dawa, wanaachwa wiki, kisha TPA. Kama inashukiwa kuwa kichochezi, inachukua nafasi ya TPA. Kama swali ni iwapo inazuia au inaongeza, hapo DMBA na TPA zote zinakuwepo, na unaamua dawa iingie siku za DMBA pekee au miezi ya TPA pekee. Ukiimwaga mwanzo hadi mwisho, hutajua ilifanya kazi wapi. Hasa siku za DMBA uwe mwangalifu, kwa sababu DMBA yenyewe haidhuru hadi vimeng'enya vya mwili viigeuze, na dawa nyingi za usingizi zinachezea vimeng'enya. Ukikuta vinyama vimepungua inawezekana dawa ilizuia DMBA isiive tu.

Makundi yako yasipungue haya: asetoni tupu, dawa peke yake, DMBA na TPA, DMBA na TPA pamoja na dawa, na wale wa chakula kilichopunguzwa kufuata wenzao. Pima uzito na chakula kila wiki. Tumia majike, na uandike aina yao, maana C57BL/6 ni wagumu kuota na FVB wanaota na kufika kwenye saratani upesi. Majina ya SENCAR utayakuta, hao walizalishwa makusudi ili ngozi yao ijibu kirahisi. Ukilinganisha matokeo yako na ya mtu aliyetumia aina nyingine utapotea.

Anayehesabu vinyama asijue kizimba kipi kina dawa. Kwa dawa ya kutuliza hilo ni gumu, panya aliyelala anajisema. Kwa hiyo hesabu saa ambayo dawa imeshaisha nguvu, au mwombe mtu mwingine awalete mezani mmoja mmoja kwa namba.

#17 Kalamu Nyekundu

Na mezani kwako leta namba tatu, si moja: asilimia ya panya wenye kinyama, wastani wa vinyama kwa kila panya, na wiki ambayo cha kwanza kilitokea. Wanaokufa mapema usiwafute kwenye jedwali. Dawa ikiua panya kumi wiki ya nane, hao kumi hawakupata nafasi ya kuota, na hesabu ya haraka itasema wamekingwa. Panya wa kizimba kimoja pia hufanana, wanagawana majeraha, joto na kulambana, kwa hiyo usitenganishe makundi kwa kizimba halafu ukahesabu kila panya kama shahidi anayejitegemea.

#18 Bibi Darubini

Mwisho wa jaribio usitupe ngozi. Kata kila kinyama na kipande cha ngozi ya pembeni yake. Kinachoonekana kwa jicho kama saratani mara nyingine ni kidonda kilichochafuka, na kinachoonekana kama sugu tulivu nimewahi kukikuta kimeshavuka utando wa chini. Jicho la mezani halitoshi.

Na mwanangu, weka kikomo cha uvimbe kabla hujaanza, ukiandike ukutani: ukifika ukubwa huu, ukipasuka, au panya akishindwa kutembea na kula, anapumzishwa siku hiyo hiyo. Usiamue ukiwa umeshapenda matokeo.

#19 Mwaka wa Tatu

Nimeandika yote. Kesho saa nne naonana na msimamizi. Nitaanza na lile swali la "hatua ipi".

#20 Mama wa Wawili

Naomba kurudi. Daktari alipokea simu, tumempa mama dozi yake usiku ule ule, na jana tumekwenda kumwona. Amepangiwa kupunguza robo kidonge kila baada ya wiki mbili na kurudi kila mwezi. Kutetemeka kumeisha, usiku wa jana amelala saa tano mfululizo.

Mdogo wangu nimemsomesha uzi huu wote. Aliniuliza wale panya mia na ishirini walikuwa wa jaribio gani, sikuwa na jibu. Amerudi kwenye kundi la familia, amefuta ule ujumbe na kuandika kwa nini ameufuta.

#21 Mlinzi wa Vizimba

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika, dada. Mpe mama salamu.

Mwambie mdogo wako lilikuwa jaribio la kujua kama utulivu unazuia uvimbe. Tulilirudia upya mwaka uliofuata, majike, kwa chakula kilichopimwa. Tofauti kati ya waliopewa dawa na waliopunguziwa chakula tu haikuonekana.